Gaidi wa Sinema: Usikanushe Tu

Mara iliyopita kisa tulikiachia uani kwangu, siku ya posa ya binti yangu Fadma. Wageni walikuwa hawajamaliza kunawa mikono, na wanaume waliovaa kiraia walikuwa wamesimama kati yangu na sinia la kuskusi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, naitwa Bassou. Mimi ni mwenyeji wa Ouarzazate, mji ambao wazungu huja kutengenezea filamu zao za majasusi, kwa sababu jangwa letu linafanana na majangwa yote wanayoyaogopa. Kazi yangu ni kufa. Jasusi anavunja mlango, mimi nainua bunduki, yeye ananiwahi. Nimekufa ngazini, nimekufa sokoni, nimekufa nikiwa kwenye mkeka wa kusalia. Sijawahi kuishi hadi mwisho wa filamu hata moja.

Filamu ya mwisho bado haijatoka. Lakini kipande chake kilivuja, mtu asiyejulikana akaondoa muziki na kukirusha kwenye simu za watu. Ndani yake niko mimi, na ndevu za kubandika, nyuma yangu bendera nyeusi, nawaita vijana wawaache mama zao wanifuate.

Nchi nzima iliniona. Ndiyo maana wale wanaume walikuja kunichukua mbele ya wakwe.

Fadma aliniuliza, "Baba, umefanya nini?" Sikupata nafasi ya kumjibu. Nilisukumwa ndani ya gari nikiwa na kanzu mpya aliyonishonea mwenyewe.

Kituoni nilidhani jambo lenyewe ni la kucheka. Niliamini nikishaeleza, watanipa chai, wataniomba radhi, nitarudi nyumbani kabla nyama haijapoa. Mjini kwetu nusu ya watu wamewahi kuvaa kilemba cha kukodi na kukimbia mbele ya kamera. Hata baadhi ya polisi wetu wamewahi kuigiza polisi.

Kamanda aliitwa Bouhlal. Alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka pwani, mtu asiyependa sinema wala watu wa sinema. Nilimweleza kwa utulivu. Akaniuliza jina la filamu. Nikasema sijui, kwa sababu kweli sikujua. Wazungu huficha majina ya filamu zao hadi siku ya kuzionyesha, na kwenye makaratasi huandika jina la uongo. Hiyo yetu waliiita Pilipili.

Bouhlal akaliandika jina hilo. Akasema, "Kwa hiyo ulimwaga maneno yale yote kwenye filamu inayoitwa Pilipili."

Kijana mmoja wa pale mapokezi alijitolea kunisaidia. Alisema ananijua vizuri, amewahi kuniona nikianguka kutoka darajani na gari likalipuka. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya yule kijana. Lakini Bouhlal alimwambia kwamba kama mtu anaweza kuanguka darajani na kulipuka, kisha akaja kuketi hapa akiwa mzima, basi huyo si wa kumwamini kwa lolote.

Mke wangu Itto alifika na picha. Itto si mtu wa kulia mbele ya serikali. Aliziweka mezani moja moja: mimi nikiwa na damu ya bandia hadi kifuani, nakula mkate na yule nyota aliyeniua. Mimi na mwongozaji tumeshikana mabega. Mimi nimelala kwenye kivuli cha kifaru cha mbao.

Bouhlal alizitazama zote. Akasema zinaonyesha kwamba nimewahi kuwa kwenye filamu, hazionyeshi kwamba kile kipande ni cha filamu. Kisha akasema jambo ambalo baadaye lilizunguka mji mzima na kutuharibia maisha. Alisema kama yeye angekuwa gaidi, angejificha hapo hapo, kwenye kazi ya kuigiza gaidi.

 Mtu anayesema hivyo utamjibu nini?

Matumaini yangu yalibaki kwa Ghizlane, wakala aliyenitafutia kazi ile. Ni mwanamke mchangamfu, anayewaita waigizaji wote mpenzi wangu. Nilimpigia mbele ya kamanda, simu ikiwa wazi ili wote wasikie. Nilimwomba aseme jambo moja tu, kwamba kile kipande ni cha filamu.

 Akaanza kuzungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayesomewa maneno na mwenzake. Alisema hawezi kuthibitisha wala kukanusha. Wanasheria wa kampuni wamekataza mtu yeyote kuzungumzia yaliyomo kwenye filamu kabla haijatoka, kwa sababu mhusika wangu ndiye anayeibuka ghafla katikati ya kisa, na watazamaji wakijua mapema utamu wote utaisha.

Nikamwambia, "Ghizlane, nimefungwa. Niko na pingu mkononi."

Akasema, "Naelewa, mpenzi wangu. Vumilia kidogo. Inatoka majira ya baridi."

Kulikuwa na joto la kukausha zabibu kwenye jamvi. Simu ikakatika, na ninavyokumbuka hata Bouhlal alinionea huruma kidogo. Aliagiza niletewe maji. Kisha akasema, kama mimi ni mwigizaji kweli, basi niigize, hapo hapo, yale yale.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipojichimbia shimo kwa ufundi wangu mwenyewe.

Miaka yote hiyo sikuwahi kupewa maneno ya maana. Nilikuwa napewa kupayuka tu. Katika filamu moja hawakuniandikia chochote, wakaniambia nipige kelele kwa lugha yetu yoyote. Nikapiga kelele nikieleza jinsi Itto anavyokanda unga, kiasi cha chumvi, namna ya kufunika donge kwa blanketi hadi liumuke. Mwongozaji alitokwa na machozi, akasema hajawahi kuona chuki ya namna ile.

Lakini kwa filamu hii walimleta mwandishi anayekijua Kiarabu, akaniandikia hotuba nzima. Na mwongozaji alinivuta pembeni akaniambia nisipaze sauti hata kidogo. Nizungumze kama ninayezungumza na mwanangu aliyepotea siku nyingi. Mimi sina mtoto wa kiume. Nilimfikiria Fadma alipokuwa mdogo na homa, na mimi nikiwa kando ya godoro namwambia asiogope, baba yuko hapa.

Hivyo ndivyo nilivyosema pale kituoni. Taratibu. Kwa upendo. Njoo kwangu, mwanangu. Wamekudharau, mimi sitakudharau. Nyumba waliyokujengea ni jela, toka, mlango uko wazi.

Nilipomaliza hakuna aliyekohoa. Yule kijana wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni, midomo imeachana. Mimi nilikuwa nasubiri wapige makofi. Kweli kabisa, mjinga mimi, nilikuwa nasubiri makofi.

Bouhlal akavua miwani na kuifuta. Akawaambia watu wake, "Mrudisheni ndani. Na mlango wake ufungwe mara mbili."

Nilikaa ndani hadi nikaizoea harufu ya blanketi la mahabusu. Nilikuwa na hasira isiyo na pa kwenda. Nilimkasirikia Bouhlal, nikamkasirikia Ghizlane, nikawakasirikia wazungu wote na mabunduki yao ya plastiki. Kuna wakati niliwahi kuomba nipewe nafasi ya kuigiza daktari. Nikaambiwa uso wangu hauamshi matumaini. Uso huu huu mama yangu aliubusu kila asubuhi.

Kisha akaja mwanamke kutoka Rabat, mji mkuu wetu.

Alijitambulisha kwa jina la Naziha na hakusema anafanya kazi ofisi gani, wala sikuuliza, maana Bouhlal mwenyewe alisimama alipoingia. Alikuwa mwanamke wa makamo, kiatu kisicho na kisigino, mkoba wa kawaida kama wa mwalimu. Kwenye filamu, watu wa usalama huja na miwani nyeusi na helikopta. Huyu alikuja na mafua, anapenga kila baada ya muda na kuomba samahani.

Aliagiza nifunguliwe pingu. Akaniambia kwamba anajua mimi ni mwigizaji. Alijua tangu siku ya kwanza, ofisi yao iliwauliza wazungu wakaambiwa kwa siri.

 Nilitaka kulia, nilitaka kumbusu mkono. Nikamwuliza kama ni hivyo kwa nini bado niko ndani.

Badala ya kunijibu, alifungua simu yake na kuniwekea sauti. Ilikuwa ya mwanamke, mtu mzima, anazungumza kwa shida. Alisema mwanawe ameacha chuo, amechukua begi na viatu, ameacha ujumbe kwamba anamfuata mzee wa kwenye video, mtu pekee aliyewahi kuzungumza naye kama baba. Anaomba mwenye habari amsaidie.

Naziha alizima ile sauti. Akasema huyo si peke yake. Kuna vijana wanamtafuta Abu Ghaima, jina nililopewa kwenye filamu, kwenye miji ambayo mimi sijawahi kukanyaga. Wanaandika ujumbe kwenye kila ukurasa uliorusha kile kipande. Wanauliza aliko. Wanauliza waende wapi.

Nikamwambia basi itangazwe leo hii kwamba ni filamu, nami nitasimama mbele ya televisheni niseme kwa mdomo wangu.

Naziha akatikisa kichwa. Alisema wakijua ni mchezo watatawanyika, na mwenye kiu ya namna hiyo hakosi wa kumnywesha. Watampata Abu Ghaima mwingine ambaye si mwigizaji. Lakini kwa sasa wanamtafuta mtu mmoja, na mtu huyo anaye yeye, ameketi mbele yake, anakula mkate wa serikali.

"Unataka niwe yule," nikasema.

"Sitaki uwe yeyote. Sitaki hata useme uongo. Rudi nyumbani, kaa, nenda msikitini, nunua mboga. Tutasema umeachiwa kwa kukosa ushahidi. Wao watakuja wenyewe. Wewe usikanushe tu."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwa lugha mbili ili aelewe vizuri. Nilimwambia nina binti aliyeposwa, na wakwe zangu ni watu wa Zagora, wafanyabiashara wa tende, watu wa dini na heshima, ambao hawajawahi kuingia jumba la sinema. Wao hawajui ndevu za kubandika. Mbona mimi ndiye nilipie upumbavu wa aliyevujisha?

Hakunitisha. Laiti angenitisha ningejua namna ya kumkatalia. Aliketi tu na mafua yake, akaniacha nipayuke hadi nikachoka. Halafu akaniuliza kama ningependa kuisikia tena ile sauti ya yule mama.

Sikutaka kuisikia tena. Ilikuwa bado iko masikioni.

Mwishowe nikatoa sharti. Nikasema nitafanya, lakini aende kwanza kwa wakwe zangu, au amtume mtu, awanong'oneze ukweli. Wao tu, na mke wangu, na Fadma.

"Haiwezekani, Bwana Bassou. Hata mke wako."

"Mke wangu anajua. Alizileta picha mwenyewe."

"Anaamini. Kujua na kuamini ni vitu tofauti, na akiona hukanushi ataanza kushuku kama wengine. Mwache ashuku. Akitulia sana, watu watamsoma usoni."

Nilimwuliza lini nitaruhusiwa kuwa Bassou tena. Akasema kazi ikiisha. Nikamwuliza itaisha lini. Akapenga kamasi, akaomba samahani.

Aliniachia simu ndogo yenye namba yake peke yake. Yeyote atakayenijia kwa ajili ya Abu Ghaima, nimsikilize, nisimkatae, kisha nimpigie. Hayo tu.

Nilirudi nyumbani alasiri. Mtaa wetu naujua, ukipita lazima ukatishwe na salamu mara kumi. Siku hiyo milango ilikuwa inafungwa mbele yangu polepole, kwa adabu, kama watu wanaokwepa vumbi. Mzee muuza viatu, ambaye tulikufa naye pamoja kwenye filamu ya kambi ya jangwani, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta msumari. Maneno ya Bouhlal yalikuwa yamenitangulia.

Kinyozi ndiye pekee aliyenisemesha. Aliniuliza kwa sauti ya chini, nusu anacheka na nusu haachi mlango wake, "Bassou, wewe tunakujua. Ulikuwa unaigiza, si ndiyo?"

Nilimwambia nimechoka, tutaongea siku nyingine. Kicheko chake kilikauka. Hilo lilikuwa jaribio langu la kwanza la kutokanusha, na liliniuma zaidi ya pingu.

Nyumbani nilikuta viatu vya wageni mlangoni. Wakwe walikuwa wamerudi.

Sebuleni alikuwepo Haji Ouzine, baba wa mchumba, na mkewe Bi Tamou, na kijana wao Yidir, fundi umeme kwenye mitambo ya umeme wa jua nje ya mji. Yidir ni mtaratibu mno. Tangu aanze kuja kwetu sijawahi kumsikia akimaliza sentensi mbili mfululizo. Fadma anasema ndicho alichompendea, kwamba nyumba yetu imejaa maneno na yeye anataka kupumzika.

Itto aliniona, akafumba macho, akayafumbua. Hakunikumbatia mbele ya watu. Alinimiminia chai ya nanaa. Akawaambia wageni, kwa ile sauti yake ya kugombania haki, kwamba huyu hapa amerudi, ameachiwa, sasa wamsikie kwa masikio yao waache ya mtaani. Amewaeleza mara ngapi kwamba ni kazi ya mumewe, ni sinema, wao hawataki kumwamini kwa kuwa ni mke.

Haji Ouzine alimwacha amalize. Ni mtu muungwana, sina baya la kusema juu yake. Alisema wao waliwahi kuzika mtu wa damu yao aliyekwenda sokoni kununua kitambaa akalipuliwa. Kwa hiyo kwao jambo hili si la umbea. Aliyoyaona kwenye simu ameyaweka kando, ya mtaani pia ameyaweka kando. Amesafiri ili asikie kwangu.

Akaniuliza, "Mzee mwenzangu, yule mtu ni wewe kweli, au ni mchezo?"

Neno moja. Mchezo. Nilikuwa nalo kwenye ulimi, linanichoma kama chai ile.

Nilimtazama Fadma. Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, ameshika mwimo wa mlango, hapepesi macho. Aliniamini. Naapa aliniamini, alikuwa anasubiri tu nilitamke ili maisha yake yaendelee.

Na nyuma ya uso wake nikaisikia sauti ya yule mama mwingine, ya begi na viatu.

"Yule ni mimi," nikasema.

Itto aliangua kicheko kifupi. Akasema bila shaka ni mimi, nani mwingine, na sura ni yangu. Kisha akaona sijaendelea. Akanigeukia.

"Bassou. Malizia."

Nilitazama birika.

"Malizia sentensi yako, baba Fadma. Sema ulikuwa unaigiza."

Sikusema. Nimewahi kupigwa risasi mbele ya kamera kutoka kila upande, na sikuwahi kufa kama nilivyokufa kwenye zulia lile, nikiwa nimekaa wima na glasi mkononi.

Haji Ouzine aliinuka bila haraka. Chai yake haikuguswa. Alisema Mungu amsitiri kila mja, na kwamba tende walizotuletea tusizirudishe, tuwape majirani. Bi Tamou alimwendea Fadma, akambusu kwenye paji la uso huku analia, akamwambia yeye hana kosa lolote. Fadma aliondoka akaenda jikoni. Hakukimbia. Alitembea vizuri kabisa, kama mtu anayekwenda kuchukua sukari.

Itto alimfuata. Alipopita mbele yangu alininong'oneza kwa lugha ya kwao, ya milimani, ambayo hajanisemesha tangu tulipooana. Aliniuliza mimi ni nani.

Haji na mkewe wakatoka hadi kwenye gari. Nilibaki nimekaa. Nilifikiri wote wamekwenda, hadi niliposikia mtu anahangaika na kamba za viatu mlangoni. Alikuwa Yidir. Alifunga kiatu kimoja, akakifungua, akakifunga tena. Baba yake alipiga honi kumwita. Hakutoka.

Fadma alichungulia kutoka jikoni. Alimwona Yidir amebaki peke yake, na uso wake uliojaa machozi ukabadilika. Nilielewa alichofikiri. Alifikiri mchumba wake amekataa kumwacha, amebaki ili anisemeshe, ili aikomboe posa. Akarudi nyuma taratibu asituharibie mazungumzo.

Hata mimi nilifikiri hivyo. Nilijiambia, kumbe kijana huyu ana moyo.

Yidir alirudi sebuleni na kiatu kimoja mguuni. Akapiga magoti mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na ilikuwa ya baridi. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akimaliza sentensi zake.

"Nilikuwa naogopa sana, mzee," alisema. "Nilikuwa naogopa utasema ni sinema."

Akaubusu mkono wangu.

"Sasa nimeridhika. Niambie niende wapi."

Nje honi ikalia tena. Jikoni, Fadma alikuwa anapanga glasi safi kwenye sinia.